Ni Yangu, Bi. Haldane

Aldersyke, Yorkshire
5 Machi 2007

Kwa Bi. Enid Marr (zamani Enid Sugden),

Pengine jina langu halitakuambia kitu. Nimestaafu ualimu wa jiografia katika shule yetu ya Aldersyke, na sasa nimebebeshwa mzigo wa kuandika kitabu cha historia yake, maana Oktoba hii inatimiza miaka mia moja. Nimeshaeleza jinsi mwenye kiwanda cha sufu alivyoijenga mwaka 1907 ili binti za wafanyakazi wake wasome Kilatini, jinsi wasichana wa wakati wa vita walivyofanya mitihani huku vinyago vya kujikinga na gesi ya sumu vimelala mapajani, na jinsi mwaka 1971 tulivyounganishwa na shule ya wavulana ya mlimani, wakatuletea kelele na harufu ya soksi.

Nimekwama kwenye mwaka wa 1957–58. Ubao wa heshima ukumbini, ule wenye majina ya viranja wakuu kwa rangi ya dhahabu, una mstari mmoja uliopakwa rangi nyeusi na kuandikwa upya. Ukisimama pembeni, mwanga wa dirishani unakuonyesha herufi zilizofunikwa: E. Sugden. Daftari la Mwenendo la mwaka huohuo nalo lina ukurasa uliong'olewa.

Ningependa kupata kumbukumbu zako, zozote utakazopenda kunipa. Wengi wa darasa lako wametangulia mbele ya haki, na waliobaki wanasema hawakumbuki. Kitabu kinakusudia kumtendea kila mtu haki.

Wako,
M. Thackray (Bi.)


Filey
12 Machi 2007

Bi. Thackray,

Barua yako nimeipata, nimeisoma mara mbili, na mara ya pili sikuipenda zaidi ya mara ya kwanza. Anwani yangu umeipata wapi? Hakuna aliyeniita Sugden tangu niolewe na dereva wa basi mwaka 1963. Nimeuza nyuzi za kufumia katika mji huu kwa miaka thelathini, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kujua nilisoma wapi.

Unataka kumbukumbu, haya. Kofia ya kijani ilikuwa lazima mtaani, na glavu lazima hata Juni. Ukionekana unakula chipsi barabarani umevaa sare, Jumatatu unaandikwa kwenye Daftari la Mwenendo. Mwalimu mkuu alikuwa Bi. Haldane, binti wa kasisi mkubwa, aliyenukia sabuni ya urujuani, na alisema kila siku kwamba msichana wa Aldersyke hasemi uongo wala hachongei.

Kazi yangu kama kiranja mkuu ilikuwa sanduku la vilivyopotea. Kila Ijumaa asubuhi, baada ya wimbo, unapanda nalo jukwaani. Unatoa kitu kimojakimoja, unasoma utepe wa jina ulioshonwa ndani, na mwenye jina anasimama mbele ya wasichana mia nne anasema, "Ni yangu, Bi. Haldane." Anakuja mbele, unampa, unamwambia, "Chukua, na usipoteze tena." Tulicheka sana kwenye zile Ijumaa. Mpaka hapo ndipo kumbukumbu zangu zinapoishia.

Ila nina maswali yangu. Umenitajia jina lililofunikwa kwenye ubao, hukunitajia lililoandikwa juu yake. Mwalimu wa jiografia anayeona herufi chini ya rangi hashindwi kusoma zilizo juu ya rangi. Na wewe kabla ya kuolewa ulikuwa unaitwa nani? Sipendi kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Enid Marr


Aldersyke
20 Machi 2007

Mpendwa Bi. Marr,

Ahsante kwa maelezo ya Ijumaa. Yataingia kitabuni kama ulivyoyaandika, ukiruhusu. Anwani yako alinipa mpwa wako Gillian, ambaye watoto wake walisoma kwetu. Hakukusudia ubaya.

Jina la juu ya ubao ni la kiranja aliyeshika nafasi mwaka ulipokuwa katikati, na sioni kama lina uzito. Linalonisumbua ni jambo la Daftari. Katika kumbukumbu za bodi kuna mstari mmoja tu: "Msichana aliyehusika amekiri na ameondoka." Je, ulikiri kwa hiari? Kuna mtu aliyekuomba ukiri? Au ulifanya hivyo kwa sababu ambayo hukuwahi kuisema? Naomba unisamehe kwa kuuliza. Mwandishi wa historia ni kama daktari, hana budi kubonyeza panapouma.

Mengine ni mepesi. Nimeandika kuhusu majira ya baridi kali, chupa ndogo za maziwa zilivyoganda mpaka vifuniko vikainuka, tukazipanga juu ya bomba la moto chini ya dirisha la chumba namba sita, na Bi. Haldane akiingia tunazificha kwa atlasi. Natumaini nimeyakumbuka vizuri.

Wako,
M. Thackray


Filey
28 Machi 2007

Clegg,

Tuache mchezo. Ni darasa letu peke yake lililopanga maziwa juu ya bomba la namba sita, na bomba lenyewe waliling'oa mwaka uliofuata. Wewe ni Maureen Clegg, na jina lililoandikwa juu ya langu ubaoni ni lako. Ulikuwa unakaa kulia kwangu, na ulikuwa unakunywa maziwa yako yakiwa bado barafu kwa sababu ulikuwa umetoka nyumbani bila chai. Njia ya mwongo ni fupi, shoga yangu, na yako imekomea dirishani.

Na leo Gillian amenitumia kipande cha gazeti. Shule inajenga maktaba mpya, itafunguliwa siku hiyohiyo ya sherehe, na itaitwa Maktaba ya Thackray, kwa heshima ya mwanamke aliyefundisha pale miaka thelathini na minne. Sasa nimeelewa barua zako. Ulitaka kujua kama nimekufa kabla hawajachonga jina lako kwenye jiwe. Sijafa. Presha yangu ni nzuri kuliko ya daktari wangu.

Basi sikia kumbukumbu zenyewe. Mwaka ule nilirefuka, mama akaninunulia koti jipya. La zamani, na glavu zake mfukoni, alimpelekea mama yako kwa mlango wa nyuma wa kanisa, wakaapiana kwamba hakuna atakayejua. Sheria ya shule ilitaka utepe wa jina kwenye kila nguo, mpaka leso. Mama yako hakuubandua utepe wangu, kwa sababu ukiubandua unaacha alama, na alama inamwambia kila mtu kwamba nguo ni ya mtumba. Alishona M. CLEGG juu ya E. SUGDEN, kama walivyofanya wanawake wote wa mtaa wa chini. Niliona, nikanyamaza.

Jumatano moja ya Novemba kuna mtu aliingia ofisini kwa Bi. Haldane saa ya chakula cha mchana na kung'oa ukurasa kwenye Daftari. Hilo tulilisikia wote. Ijumaa nikapanda jukwaani na sanduku langu. Nikatoa kofia, nikatoa rula, halafu Bi. Haldane mwenyewe akaniwekea mkononi glavu ya kijani. "Soma jina," akasema. Nikaigeuza, nikasoma: E. Sugden. Na pembeni mwa utepe, matundu ya sindano ya utepe mwingine uliokuwa juu yake. Nikakutafuta kwa macho. Ulikuwa mstari wa nne, unatazama viatu vyako.

Jina likisomwa, mwenye kitu huitika. Nilikusubiri. Nilihesabu mpaka ishirini. Halafu nikasema, "Ni yangu, Bi. Haldane," maana jina lilikuwa langu na watu walikuwa wananitazama. Hapo ndipo aliposema glavu ile ilikutwa wapi.

Ningeweza kueleza. Mama akaniambia, "Ukimtaja mama Clegg utakuwa umemvua nguo barabarani." Na mimi nilikuwa nimelelewa na shule ile: afadhali ufukuzwe kuliko kumchongea mwenzako. Nilijua utajitokeza mwenyewe. Nilikusubiri Ijumaa tatu nikiwa nyumbani. Mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Cambridge ukafika, na shule ilikuwa inapeleka msichana mmoja tu kila mwaka. Ukaenda wewe.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa ndani ya koti langu mwenyewe. Uliubandua utepe wako ili jina langu libaki peke yake, na nimeishi na hilo miaka hamsini. Nina swali moja tu: uliubandua Jumatano au Alhamisi? Usiniandikie lingine lolote.

Enid


Aldersyke
9 Juni 2007

Enid,

Sikuubandua. Si Jumatano wala Alhamisi.

Ukurasa niliung'oa mimi. Jumamosi iliyotangulia, mwalimu wa michezo alinikuta sokoni nauza matumbo kwenye meza ya mjomba, nimevaa koti la shule kwa sababu sikuwa na koti jingine. Aliniandika kwenye Daftari la Mwenendo. Jumatatu iliyokuwa inakuja bodi ilikuwa ikae na Daftari mezani kumchagua wa Cambridge, mimi au wewe. Niliingia ofisini wakati wote wanakula mkate wa nyama, nikaung'oa na kutoka mbio. Nilipofika darasani nikaona nina glavu moja. Nikajua nimekwisha, kwa sababu juu yake kulikuwa na jina langu.

Siku mbili nilikuwa nikisubiri kuitwa. Halafu nikakusikia unasoma "E. Sugden". Enid, sanduku lilikuwa mikononi mwako. Niliamini kwamba wewe ndiye uliyeiona, ukaubandua utepe wangu, ukajitoa ili mimi niende. Nilitazama viatu kwa sababu sikuweza kukutazama wewe. Hivyo ndivyo nilivyoishi, kama mtu aliyepewa zawadi kubwa mno hata hawezi kwenda kushukuru. Nilisoma kwa bidii nikisema ni kwa ajili yetu wawili. Nilirudi kufundisha Aldersyke nikisema ni kwa ajili yako. Nilikuandikia Machi bila jina langu kwa sababu niliogopa, na kwa sababu nilitaka useme kwa mdomo wako kwamba ulinipa. Barua yako imeniambia hukunipa kitu. Niliiba, nikaiita zawadi.

Ila nikabaki na swali lako. Kama si wewe na si mimi, ni nani? Bi. Haldane alifariki mwaka 1979 na kuiachia shule sanduku la bati ambalo hakuna aliyewahi kulifungua. Wiki iliyopita nililifungua mbele ya katibu wa shule. Ndani mna bahasha ya Novemba 1957. Mna glavu, mna kipande cha utepe chenye jina M. CLEGG, na karatasi ya mkono wake. Nanakili:

"Jina la mtoto wa Clegg lilikuwa limeshonwa juu ya jina la Sugden. Msichana huyu hakuridhika kuvunja imani yangu, alivaa jina la rafiki yake maskini ili mwenzake aadhibiwe. Nimeling'oa jina la juu ili Clegg asije akajua kamwe jinsi alivyotendwa. Sitampa Sugden nafasi ya kujitetea, maana atamtaja."

Bi. Haldane alivaa hariri tangu utotoni, Enid. Hakuwahi kujua kwamba kuna watu wanaoshona jina juu ya jina. Aliona tepe mbili, akaona hila.

Maureen


Filey
16 Juni 2007

Clegg,

Karatasi ya kunakili hata mimi naweza kuandika. Naweza kuandika pia kwamba Malkia alininunulia koti.

Nitumie vitu vyenyewe, glavu na utepe na karatasi ya mkono wake, kwa posta ya kusainiwa. Sitaki picha wala maelezo. Kama huwezi kuvitoa, basi havipo.

E. M.


Aldersyke
19 Juni 2007

Enid,

Vyote vimo ndani. Katibu alisema haviruhusiwi kutoka shuleni. Nimevitoa.

Maureen


Filey
2 Julai 2007

Clegg,

Nimekaa na vitu hivi wiki nzima, mlango wa chumba nimeufunga kama mtu mwenye mgonjwa.

Kwanza mwandiko. Mama aliitunza barua ya kunifukuza ndani ya kopo la biskuti, na sikuwahi kupata moyo wa kuichoma. Nimeweka karatasi mbili sambamba mezani. Ni mkono mmoja, kalamu moja, na zote mbili zimeandikwa na mtu ambaye hakuwahi kujishuku maishani.

Pili utepe. Nyuma yake kumebaki vipande vya uzi wa kijivu na fundo lililofichwa chini ya kitambaa. Mama yako alikuwa anaziba kasoro za nguo kiwandani, na mafundo yale yalikuwa ya mafundi wa kiwandani tu. Nimeuza uzi miaka thelathini, sijaona mwingine anayefunga hivyo. Nyuzi zimekatwa kwa kisu kidogo, taratibu, moja baada ya nyingine. Mtoto mwenye hofu angeuvuta utepe kwa meno. Aliyekata hivi alikuwa ameketi mezani, ana nafasi, na anaamini anatenda wema.

Basi hukuubandua. Ulikaa kimya tu. Bi. Haldane alikuonea huruma wewe kwa jambo nisilolitenda, na akanihukumu mimi kwa akili asiyokuwa nayo. Na mimi miaka hamsini nimekuchukia kwa kosa usilolifanya, na sasa, kwa umri huu, inanibidi nianze upya kukuchukia kwa lile ulilolifanya. Ni kazi nyingi, na magoti yananiuma.

Niambie jambo moja. Kitabuni utaandika nini?

Enid


Aldersyke
1 Septemba 2007

Mpendwa Enid,

Kitabu kimekwenda kwa mpiga chapa. Nakuwekea sentensi iliyopitishwa:

"Katika mwaka wa 1957 kulitokea tukio la kusikitisha kuhusu Daftari la Mwenendo. Baadaye ilikuja kugundulika kwamba Enid Sugden hakuhusika, na jina lake limerudishwa kwenye ubao wa heshima."

Niliandika kurasa tatu. Mwalimu mkuu wa sasa, ambaye ana miaka arobaini na mbili na ni mtu mwema, alinisihi nizipunguze. Bodi inasema hakuna haja ya kufukua makaburi mwaka wa sherehe, na jiwe la maktaba limeshachongwa. Nilipinga, halafu nikaacha kupinga. Nakwambia ukweli kwamba niliacha mapema kuliko nilivyoweza. Wajukuu wangu wawili wako kidato cha pili pale.

Ubao wamekwisha kuupaka. Nimekwenda kuuangalia. Jina lako linang'aa kuliko mengine kwa sababu rangi ni mbichi.

Sherehe ni Ijumaa, tarehe 12 Oktoba, saa nne asubuhi. Kadi yako iko ndani. Mimi nitapewa dakika kumi kueleza maisha ya zamani ya shule.

Maureen


Filey
6 Septemba 2007

Clegg,

"Ilikuja kugundulika." Na nani? Na paka wa shule? Kwa lugha hiyo hata Kaini angeingia kitabuni bila doa: ilikuja kugundulika kwamba Abeli hapumui.

Sikutaka dhahabu ubaoni. Niliondoka pale kwa sababu jina langu lilisomwa kwa sauti mbele ya watu mia nne na hakuna mwingine aliyeitika. Sasa mnanisafisha kwa maandishi madogo, ukurasa wa tisini na ngapi, na mwenye kitu bado anatazama viatu. Mficha uchi hazai, na wewe umeuficha kwa jiwe la kuchongwa.

Nakurudishia glavu, na utepe, na karatasi ya yule mama. Glavu si yangu. Mama yangu aliitoa kwa hiari yake na hakuidai. Sherehe sitakuja. Kadi yenu nimeiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba, inafaa sana.

E. Marr


Filey
14 Oktoba 2007

Clegg,

Nilikuja.

Sikumwambia mtu, hata Gillian. Nilipanda basi la saa moja, nikabadilisha York, nikaingia ukumbini na kundi la wazazi, nikakaa mstari wa nyuma kabisa kando ya ile nguzo iliyopasuka. Nilikuja kukushuku kwa karibu. Nilitaka kukuona ukipokea makofi, ili nirudi nyumbani na hasira yangu ikiwa imeshiba.

Meya alisema maneno mengi kuhusu kesho. Watoto waliimba ule wimbo wetu kwa ngoma. Wavulana wamelegeza tai kama waliokabwa wakaokolewa, wasichana hawana kofia wala glavu, na hakuna aliyekuwa anaogopa. Hilo nililipenda, nakiri.

Halafu ukapanda wewe, umekuwa mfupi, umebeba sanduku la mbao. Ukawaeleza Ijumaa zetu, wakacheka. Ukatoa kofia, ukamwita mjukuu wako aitike, wakacheka tena. Ukatoa rula. Mwalimu mkuu alikuwa anatabasamu mpaka masikioni, maana dakika kumi zako zilikuwa zinakwenda vizuri.

Ukatoa glavu. Niliijua kabla hujaigeuza. Ukawaambia kuna tepe mbili, moja juu ya nyingine, na kwamba ule wa juu umeushona tena mwenyewe kwa uzi wa kijivu. Ukausoma wa chini kwanza, "E. Sugden", na ukumbi haukujua ni nani. Kisha ukausoma wa juu. "M. Clegg."

Ukanyamaza. Nikaanza kuhesabu, si kwa kupenda, ulimi wenyewe ulianza. Nilifika tisa. Ukageuka ukaitazama picha ya Bi. Haldane ukutani, mgongo umenyooka kama wa msichana wa kidato cha sita, ukasema, "Ni yangu, Bi. Haldane."

Mbele yangu msichana mmoja alimuuliza mwenzake, "Kwani huyu bibi aliiba nini?"

"Nyamaza," mwenzake akamwambia, "ndiyo anasema."

Na ukasema. Koti, matumbo ya mjomba, ukurasa, Cambridge. Ulimtaja mama yako kwa jina na ukasema alivaa nguo za watu ili wewe uvae sare. Hukusema "ilikuja kugundulika" hata mara moja. Mwalimu mkuu alikuwa ameacha kutabasamu, na yule meya alikuwa anasoma ratiba yake kama mtu anayetafuta mlango. Ulipomwambia asifungue maktaba mpaka jiwe litolewe, nilisikia mtu anapiga makofi peke yake, nikaona aibu kwa niaba yake. Ilinichukua muda kugundua mikono ni yangu.

Nilitoka kabla ya chai. Usifikiri nimekusamehe. Nikiamka asubuhi bado naona viatu vyako, na Cambridge sitaiona tena labda kwenye kalenda. Usije Filey mpaka nikuambie. Lakini unaweza kuandika, na ukiandika tumia jina lako.

Kuna jambo moja limenisumbua njia nzima, kuanzia York. Kwa kanuni yetu, mwenye kitu akishaitika, kiranja mkuu hashuki jukwaani mpaka ampe kitu chake na kumwambia maneno yake. Mwaka ule nilifukuzwa kabla sijamaliza zamu, na juzi ulisimama pale na glavu mkononi bila mtu wa kukuambia kitu. Nilikuwa mstari wa nyuma, nikabaki nimekaa.

Basi chukua, Maureen, na usipoteze tena.

Enid Sugden